Uvimbe Unaopiga: Mishipa ya Damu Baada ya Kusafishwa Kiungo cha Taya

Mhadhara kwa wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, Kiambi, mkoa wa Tanganyika



Kazi nitakayoieleza leo, kusafisha kiungo cha taya kwa sindano, sidhani kama kuna mmoja wetu atakayeifanya hapa Kiambi. Inataka mpasuaji wa uso na taya, na wapasuaji wa aina hiyo wako mbali na mto Luvua: Kinshasa, Kampala, Nairobi, Dar es Salaam. Mgonjwa wa kwetu anayefika huko ni yule ambaye ukoo wake umechanga, au mwenye mtoto mjini. Anafika Kalemie kwa taabu anayoijua yeye, anavuka ziwa mpaka Kigoma, kutoka hapo anapanda treni au basi. Anatibiwa, anarudi.

Sasa, madhara ya tiba hiyo yanayogusa mishipa ya damu ni machache sana, lakini yana tabia moja ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kusema nanyi. Hayana haraka. Mengi hujitokeza baada ya wiki mbili, tatu, hata sita. Wakati huo mpasuaji yuko Dar es Salaam akiendelea na wagonjwa wengine, na mama wa watu amesharudi kijijini, yuko sokoni na samaki wake. Atakayeuona uvimbe kwanza si yule aliyeshika sindano. Ni wewe uliye kwenye kituo cha afya, mwenye meza moja, stetoskopu moja na bisturi kwenye trei. Na hiyo bisturi ndiyo ninayoiogopa.

Tuanze na mahali penyewe. Kila mmoja aweke kidole mbele ya sikio lake, pale penye kinundu cha gegedu kinachokinga tundu la sikio. Fungueni mdomo, fungeni, peleka taya kushoto, peleka kulia. Kinachocheza chini ya kidole ni kichwa cha mfupa wa taya kikitoka na kurudi katika shimo lake. Katikati ya kichwa hicho na shimo kuna kisahani cha gegedu, na kisahani hicho kinagawa kiungo vyumba viwili, cha juu na cha chini. Chumba cha juu, ambacho ndicho kinachosafishwa, ni kidogo mno: kinapokea kimiminika cha mililita moja na ziada kidogo tu.

Sasa tulizeni mdomo. Sogezeni kidole juu kidogo, bado mbele ya sikio, mbonyeze polepole juu ya mfupa. Mnasikia pigo? Hiyo ni ateri ya panja. Imetoka katika ateri kubwa ya shingo, imepita ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, imezunguka nyuma ya shingo ya taya, kisha imepanda juu ya mfupa wa shavu kwenda kichwani. Pembeni yake kuna vena yake na neva ndogo, vyote vitatu vikisafiri pamoja chini ya ngozi. Wengine mmebahatika kuiona ikicheza kwenye panja za wazee waliokonda.

Ateri ya pili hamwezi kuigusa. Inapita upande wa ndani wa shingo ya taya, kwa kina, ikielekea nyuma ya mashavu, na inatoa tawi linalopanda kupitia tundu la mfupa hadi ndani ya fuvu, kwenye utando unaofunika ubongo. Na kwa kuwa tuko huko, jueni na hili: paa la kiungo cha taya ndilo sakafu ya sehemu ya fuvu inayobeba ubongo. Mfupa unaovitenganisha mahali pengine una unene wa milimita moja au pungufu.

Hiyo ndiyo ramani. Ateri moja nyuma kidogo na chini tu ya ngozi, nyingine ndani, vena katikati yao, ubongo juu. Na katikati ya hayo yote mpasuaji anataka kupitisha sindano.

Kwa nini aipitishe? Kwa sababu kuna watu taya linawafunga. Kisahani kinahama, kinakwama, au kinanatana na paa la kiungo, na mtu anashindwa kufungua mdomo kupita vidole viwili. Anakula uji miezi mizima, analala na maumivu, anaamka nayo. Wengi wao hupona bila sindano yoyote: kupumzisha taya, kuacha kutafuna mihogo mikavu na mahindi ya kuchoma, kitambaa cha maji ya moto, dawa ya maumivu, mazoezi ya kufungua mdomo. Wanaobaki ndio wanaofikiriwa.

Mwaka 1975 Ohnishi, daktari wa Japani, alieleza jinsi ya kuingiza kamera nyembamba katika kiungo cha taya ili kukitazama kwa ndani. Ilikuwa hatua kubwa, maana kabla ya hapo njia ilikuwa kupasua mbele ya sikio na kufungua kila kitu. Mwaka 1985 Wasweden wawili, Holmlund na Hellsing, walipima na kuonyesha alama za ngozi: chora mstari kutoka katikati ya kinundu cha sikio hadi pembe ya nje ya jicho, kisha chomeka sentimita moja mbele ya sikio na milimita mbili chini ya mstari. Halafu mwaka 1991 Dorrit Nitzan wa Jerusalem, pamoja na Franklin Dolwick wa Florida na mwenzao Martinez, wakaandika kwamba hata kamera si lazima. Sindano mbili zinatosha. Moja inaingiza maji ya chumvi au serumu ya Ringer, nyingine inayatoa, na kiungo kinasukutwa kwa mililita mia moja au zaidi mpaka uchafu wa uvimbe utoke na kisahani kiachie. Ganzi ni ya hapo hapo. Mgonjwa anarudi nyumbani siku ileile. Mimi naihesabu kuwa miongoni mwa tiba za busara kabisa zilizovumbuliwa kwa taya, kwa sababu inatumia vitu ambavyo hata hospitali ndogo inavyo.

Na unafuu huo ndio unaowafanya watu waidharau. Tundu la sindano halishonwi, halifungwi bandeji kubwa, baada ya siku mbili halionekani. Mgonjwa akija kwako wiki ya nne na uvimbe, hatakumbuka kuuhusisha na sindano ile. Ukimuuliza kama amewahi kupasuliwa, atakujibu hapana, na kwa haki yake.

Mambo yanayotokea mara nyingi baada ya kazi hii ni mepesi. Uso unavimba kwa sababu maji yametoka nje ya kiungo, unapungua wenyewe. Jicho linashindwa kufumba kwa saa chache kwa sababu ganzi imefika kwenye neva ya uso, linarudi. Damu kidogo inatoka kwenye tundu, inabanwa, inakoma. Hayo sitayakalia.

Nitayakalia madhara matatu. Katika maandiko ya kidaktari yanakuja kama ripoti za mgonjwa mmoja hapa, mmoja pale, kwa hiyo mtu asitoke humu akawatisha watu wasiende kutibiwa.

La kwanza linaitwa aneurizimu bandia. Ncha ya sindano, au chombo cha kamera ambacho ni kinene zaidi, inatoboa ukuta wa ateri ya panja. Damu inatoka, lakini nyama za pembeni zinaizuia isiende mbali, na damu iliyoganda inajenga kuta za mfuko. Mfuko huo hauna ukuta wa kweli wa mshipa, ndiyo maana tunauita bandia, lakini ndani yake damu ya ateri inaingia na kutoka kwa kila pigo la moyo. Siku za kwanza ni mdogo, haumsumbui mtu. Pigo linausukuma, unatanuka. Baada ya wiki kadhaa mgonjwa anaona kitu mbele ya sikio au kwenye panja, kama ukubwa wa karanga, baadaye wa yai la kwale. Pengine kinauma, pengine hakiumi. Ngozi juu yake inaweza kuwa nyekundu au kung'aa. Kwa macho peke yake, naapa, kinafanana na jipu.

Tumtunge mgonjwa, maana sitaki kumtaja wa kweli. Mama wa makamo, muuza samaki. Anaingia, anakaa, ameshika shavu.

"Karibu mama. Lilianza lini?"

"Ee muganga, wiki hii ya pili. Lilikuwa dogo. Sasa linanipigia usiku, siwezi kulalia upande huu."

Hapo, kwenye neno "linanipigia", muuguzi mwenye haraka anasikia jipu. Kila jipu linapiga, si ndiyo? Jipu likiiva linadunda, tunalijua tangu utoto. Anampaka dawa, anashika bisturi, anakata. Kinachotoka si usaha. Kinachotoka kinafika ukutani.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Mgonjwa wa jipu anaposema linapiga, anaeleza maumivu yake; wewe ukiweka kidole husikii kitu. Aneurizimu bandia unaisikia wewe mwenyewe. Weka vidole viwili pande mbili za uvimbe, tulia: kama vidole vyako vinasukumwa kando kwa kila pigo, na pigo hilo linakwenda sambamba na mshipa wa mkono wake, hilo si jipu. Kisha weka stetoskopu juu yake. Ukisikia mvumo unaopanda na kushuka na moyo, hilo si jipu. Kisha bonyeza ateri yenyewe chini ya uvimbe, pale mbele ya sikio mlipoweka vidole mwanzoni. Uvimbe ukinyamaza au ukilegea, umeshajua unalishwa na nini. Dakika tatu. Hakuna mashine.

Wala msitumie sindano kunyonya "tuone kuna nini". Najua mnafanya hivyo kwa majipu ya kina, na kwa majipu ni sawa. Hapa utaongeza tundu juu ya tundu.

Naongeza jambo moja la uaminifu: aneurizimu bandia ya zamani, iliyojaa damu iliyoganda, inaweza isipige. Kwa sababu hiyo swali lina thamani zaidi kuliko kidole. Kwa uvimbe wowote wa panja au wa mbele ya sikio, uliza: ndani ya miezi miwili iliyopita, hapa pamechomwa sindano? Pamegongwa? Pamechanjwa? Kama jibu ni ndiyo, weka bisturi chini hata kama husikii pigo, na umpeleke mgonjwa penye ekografi.

La pili ni fistula ya ateri na vena. Msiichanganye na ile ya kina mama baada ya uzazi mgumu. Hii ni ya mishipa. Nimesema ateri na vena zinatembea pamoja. Sindano moja ikizipitia zote mbili, matundu mawili yanaweza kuungana wakati wa kupona, ikawa njia ya mkato. Waliofika Piana Mwanga, kule mto wetu ulikotegwa ili utoe umeme wa Manono, wameshaona: maji yaliyokuwa yaanguke kwa njia yake ndefu yalichepushwa kwenye njia fupi, na nguvu yote ikahamia huko, kwa kelele. Damu nayo hufanya hivyo. Badala ya kwenda kwenye nyama za kichwa kupitia mishipa midogo, inarukia moja kwa moja kwenye vena, na vena haikuumbwa kubeba msukumo huo. Inatanuka, inajikunja, inaonekana chini ya ngozi ya panja kama kamba.

Malalamiko ya mgonjwa wa fistula ni ya ajabu, na hapa nawaomba subira. Atakwambia anasikia mashine sikioni. Usiku kukiwa kimya inazidi. Inakwenda vuu, vuu, vuu, kwa mwendo wa moyo wake. Kijijini mtu anayesikia sauti ambayo wengine hawaisikii anapewa majina haraka: amerogwa, amechanganyikiwa, mizimu ya upande wa mama inamdai. Amezungushwa kwa waganga na kwenye makanisa kabla ya kufika kwako. Weka stetoskopu mbele ya sikio lake na wewe utaisikia. Kisha mpe yeye mwenyewe asikilize, mpe na mume wake. Sijui dawa nyingine inayomrudishia mtu heshima yake kwa haraka kiasi hicho. Gusa pia kwa kiganja: ngozi inatetemeka.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1757 William Hunter, Mskoti aliyefundisha anatomia London, alieleza mishipa ya mkono iliyoungana namna hii. Sababu? Kutolewa damu. Wakati ule Ulaya walikuwa wakimtibu karibu kila mgonjwa kwa kumchoma vena penye kiwiko na kumwaga damu, na kiwembe kikipita vena kikagusa ateri iliyo chini yake, fistula ikazaliwa. Hunter hakuwa na ekografi wala skana. Hakuwa hata na stetoskopu, maana Laennec aliibuni Paris mwaka 1816. Aligusa, akasikia mtetemo. Akaweka sikio, akasikia mvumo. Akabonyeza, akaona mabadiliko. Akatoa jibu sahihi. Nawaambia hivi kwa sababu nachoka kusikia kwamba Kiambi hatuwezi kitu mpaka mashine zije. Mashine zije, na zije upesi. Lakini ninyi hapa mmemzidi Hunter kwa chombo kimoja.

Na Ziwa Tanganyika lenyewe lina historia yake ya udaktari wa vyombo vichache. Ng'ambo, Karema, Adrien Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika ya Magharibi na baadaye kusomeshwa tiba Malta, aliwahudumia watu kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Mwenye kutaka kujua kama inawezekana, amsome huyo. Turudi kwenye taya.

La tatu ndilo la haraka, na ndilo baya. Sindano ikienda kwa kina, inaweza kujeruhi ateri ile ya ndani. Ikielekezwa juu kupita kiasi, inaweza kupenya lile paa jembamba. Mwaka 2000 madaktari wa Uingereza waliandika juu ya mgonjwa aliyevuja damu kati ya fuvu na utando wa ubongo baada ya kusafishwa kiungo cha taya kwa sindano. Mtu wa namna hii hangoji wiki sita. Ni saa, au siku chache. Kichwa kinauma na kuzidi, anatapika, anakuwa mzito, anajibu polepole, anasinzia mchana. Mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Kwa kawaida atakuwa bado mjini. Lakini wagonjwa wetu hupanda basi kesho yake ili kuokoa pesa ya kulala, na safari ya Kigoma ni ndefu. Kwa hiyo waambieni wale wanaosindikiza: ndugu akisinzia vibaya baada ya kuchomwa taya, msimwache alale mpaka mfike. Teremkeni kwenye hospitali ya kwanza yenye skana, na mseme wazi kwamba amechomwa sindano kwenye kiungo cha taya.

Nyumbani, kabla hata ya uvimbe, kuna kitu kidogo mnachoweza kuzuia. Mgonjwa aliyetoka kutibiwa anaumwa, anakwenda dukani, anauziwa aspirini. Aspirini inazuia damu isigande. Mpeni paracetamoli. Na mwulizeni kama anameza dawa za kulainisha damu kwa sababu ya moyo. Wako wazee wanaozimeza bila kujua ni za nini.

Mtaniuliza: muganga, hao wanaokwenda Dar es Salaam kwa ajili ya taya ni wangapi? Wachache, najua. Lakini ateri ya panja haichagui nani aliyeitoboa. Imelala juu ya mfupa, haina pa kukimbilia, na katika vitabu sababu kubwa ya aneurizimu bandia yake ni kupigwa au kugongwa. Mkoa wetu unajua vitu hivyo. Katika mapigano kati ya jamii yaliyowaka mwaka 2016 na 2017, mapanga na mishale vilitumika, na vidonda vya kichwa vilishonwa haraka haraka ili kumfikia majeruhi wa pili. Kila siku vijana wanaanguka na pikipiki. Na kuna jambo letu wenyewe: kuumikwa. Kichwa kikiuma, mzee anachanja panja kwa wembe, anaweka pembe, ananyonya. Panja! Mahali palepale. Siwatukani wazee, Wazungu wa siku za Hunter walikuwa na desturi hiyohiyo, na yao ilikuwa na diploma. Lakini wale mnaoheshimiana nao, waambieni: shingo ya nyuma, mgongo, kama ni lazima, panjani hapana.

Kwa hiyo niliyoyasema juu ya mgonjwa mmoja wa Dar es Salaam yanamfaa pia kijana wa pikipiki wa Kiambi, na pengine yeye ndiye mtakayemwona kwanza.

Tiba yake, kwa bahati, si ngumu kama utambuzi wake. Ekografi yenye kipimo cha mwendo wa damu inaonyesha mfuko ukijaa na kumwagika. Mjini wanaweza kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa kutoka kwenye kinena na kuziba kwa ndani. Lakini aneurizimu bandia ya ateri ya panja, ikiwa ya juujuu, inaweza kuondolewa na daktari mpasuaji wa kawaida kwa ganzi ya hapo hapo: anaifunga ateri kwa uzi chini ya uvimbe na juu yake, kisha anautoa mfuko. Pande zote mbili, narudia, kwa sababu mishipa ya kichwa imeungana kushoto na kulia, na ukifunga chini tu damu itarudi kwa mlango wa juu. Muungano huohuo ndio unaofanya ngozi ya kichwa isife ateri moja ikifungwa. Fistula nayo huzibwa au kufungwa kwa mpango kama huo, ingawa yenye mishipa mingi iliyojikunja inahitaji mtu mwenye mazoea. Hii si kazi ya kituo cha afya. Ni ya hospitali kubwa ya rufaa, kwa daktari aliyejiandaa, damu ya kuongezea ikiwa tayari.

Na mtu akishaukata uvimbe kwa bisturi? Itatokea. Usikimbie, na usiingize koleo gizani ukitafuta mshipa kwenye dimbwi. Neva ya uso iko jirani, utamwachia mgonjwa mdomo uliopinda maisha yake yote. Weka kidole kwenye ateri mbele ya sikio, ibane juu ya mfupa. Mfupa uko pale, tumia. Mwenzako aweke kitambaa safi juu ya kidonda na abane kwa kiganja, dakika kumi na tano kamili kwa kutazama saa, bila kufunua kuchungulia. Fungua njia ya serumu. Kisha bandeji ya kuzunguka kichwa, na safari.

Jambo moja kabla sijamaliza, kwa sababu najua vijana mtatoka humu na taya vichwani. Mdomo uliofunga si mara zote kiungo. Mtoto au mkulima ambaye taya limefunga na shingo imekakamaa, tafuta kidonda, fikiria pepopunda kwanza; huyo hana muda wa mambo ya sindano mbili. Mdomo uliofunga na shavu lililovimba, tazama jino la mwisho. Mdomo ulioachama na hautaki kufumba baada ya kupiga mwayo, taya limetoka: vidole gumba vyenye kitambaa juu ya magego ya chini, sukuma chini, rudisha nyuma. Hao watatu ndio wengi. Mkiwatenganisha hao kwanza, hamtampeleka mtu Dar es Salaam bure.

Na sasa ombi langu, lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni kwa wenzangu wapasuaji wa mijini, ambao natumaini mhadhara huu ukichapishwa utawafikia. Mgonjwa wenu akisema anatoka Tanganyika, msimruhusu aondoke na karatasi iliyoandikwa tu kwamba amepata nafuu. Andikeni kwa Kiswahili au Kifaransa, kwa herufi zinazosomeka: taya la upande gani, sindano au kamera, tarehe, kama damu ilitoka kuliko kawaida na ilibanwa muda gani. Andikeni sentensi hii chini yake: uvimbe wowote wa mbele ya sikio au wa panja ndani ya miezi miwili usikatwe kabla ya ekografi. Wekeni namba ya simu inayopokelewa. Kabla hajavaa viatu, wekeni kidole mbele ya sikio na stetoskopu juu yake, muandike mlichosikia, ili atakayempokea huku awe na kitu cha kulinganisha.

Upande wa pili ni kwenu. Katika kila kituo cha zoni hii ya afya kuna trei ya kupasulia majipu. Kesho asubuhi mtu achukue karatasi, aandike kwa wino mzito "GUSA, SIKILIZA, ULIZA", aibandike ukutani juu ya trei hiyo. Na uvimbe wa kwanza wa panja utakaoingia, awe mama muuza samaki au kijana wa pikipiki, hata mkiwa na hakika ni jipu, mwekeeni stetoskopu kabla ya kufungua kasha la bisturi.